Mwaka Kiingereza Kilipotaka Kuwa Sheria

Mama Furaha tulimzika Buffalo, majira yale ambayo theluji imeshakuwa nyeusi kando ya barabara lakini bado inakataa kuondoka. Nilitoka Louisville, ninakoishi sasa, nikaendesha gari siku nzima, na nilipofika kwenye nyumba yao ya Cheektowaga, kitongoji cha Buffalo, nilikuta viatu vimejaa kuanzia mlangoni hadi ngazi za nje. Ndani kulikuwa na msiba kama ulivyo popote walipo watu wetu huku Marekani: akina mama wa kwaya jikoni, wamefunga vitenge juu ya suruali za kazini, wanasonga bugali kwenye sufuria la kuazima, wazee sebuleni wakizungumza kwa sauti ya chini, vijana wako ghorofani, na kila mlango ulipofunguliwa Kiingereza kilishuka kwa ngazi. Furaha alikuwa katikati, amekaa kwenye zile ngazi peke yake, mwanamke mzima sasa, mpana wa mabega kama baba yake. Aliponiona alisema, "Yaya Goreth," akasimama. Yaya ndivyo Wakongo wanavyomwita dada mkubwa. Mimi si dada yake. Mimi ni Mrundi niliyekulia kambini Tanzania, na yeye ni mtoto wa watu wa Uvira. Lakini mwaka ule niliokaa kwao Columbus, Ohio, alikuwa akiniita hivyo, na kumbe hakuacha.

Wanangu huniuliza ni lini niliijua Marekani, wakitegemea niwasimulie siku ya uwanja wa ndege na koti la msaada lililonifika magotini. Mimi huhesabu kuanzia mwaka ule wa Columbus. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili na Kiingereza cha shule ya kambini, ambacho nilikiona kizuri mpaka nilipokutana na wenye nacho. Asubuhi nilifanya kazi kwenye kiwanda cha mikate. Baadhi ya siku, mchana, ofisi moja ilinituma hospitalini na shuleni kuwa mkalimani wa watu wetu. Baba Furaha na Mama Furaha walinipa kitanda kwenye chumba cha binti yao, katika majengo ya matofali yaliyofanana kiasi kwamba kila mgeni aligonga kwanza kwa jirani. Sebule ilikuwa na zulia la rangi ya chai ya maziwa, makochi ya msaada wa kanisa, na televisheni iliyokuwa haizimwi. Jikoni ndiko tulikoishi hasa. Palinukia mawese na sombe, kisamvu cha Wakongo, na mvuke wa maharage uliganda kwenye kioo cha dirisha, Furaha akaandika juu yake kwa kidole majina ya wasichana wa darasani kwake. Alikuwa na miaka kumi na mitatu. Wazazi walimsemesha Kiswahili, yeye akawajibu Kiingereza, na hakuna aliyeona ajabu.

Baba Furaha alikuwa mtu mkubwa mwenye sauti ndogo. Alipakia maboksi ghalani, na aliporudi alikaa kwenye kiti cha karibu na jiko, akavua viatu vyake vyenye chuma vidoleni, akamwita Furaha amsomee kila kilicholetwa na posta: bili, ilani za mwenye nyumba, hata matangazo ya pizza. Tangazo la pizza alilisikiliza kwa heshima ileile ya bili. "Donc ukinunua ile kubwa, ile ndogo wanakupatia bure?" aliuliza. "Yeah, Papa." "Bon. Weka pale." Wageni walimcheka kwa hilo. Mimi sikumcheka, maana alikuwa ameishi miaka mingi katika nchi za wengine, na alitaka kulijua kila neno lililoingia nyumbani kwake kabla halijamfanya lolote. Furaha alisoma mbiombio, akaruka mistari, na baba yake, ambaye hakujua hata salamu vizuri, alitambua sauti ya mstari ulioachwa. "Rudia pale," alisema.

Habari ya sheria ilitufikia Jumapili moja ya vuli. Kanisa letu lilikodi ukumbi wa chini wa kanisa la Wamarekani, sisi tukiingia wao wakishatoka, na baada ya ibada watu wachache walikuja kwetu kula. Mama Furaha alikuwa amepika sombe na samaki wadogo wakavu, na nyumba ilikuwa na joto la watu. Mimi nilikuwa jikoni naosha sahani, mlango wazi, nikisikiliza. Mzee Kashindi, katibu wa kanisa, mtu aliyesoma kila habari iliyopita kwenye simu yake, alikuwa anaeleza kwamba bunge la jimbo limeletewa muswada wa kukifanya Kiingereza kiwe lugha rasmi ya serikali ya Ohio. Ofisi za serikali zifanye kazi kwa Kiingereza, basi.

"Basi mkalimani amekwisha," alisema. "Mutu ya kuomba mkalimani, wataandika jina yake. Watasema, huyu amekaa hapa miaka yote na lugha hajui. Kisha wataangalia kadi yake ya kukaa huku."

"Nani amesema wataandika?" Mama Furaha aliuliza.

"Mama, sheria ni sheria. Unafikiri watakuja kukuambia?"

Baba Furaha alimpigia simu mdogo wake Sadiki, aliyekuwa Louisville wakati huo, akaiweka simu mezani kati ya sahani ili wote wasikie. Sadiki alicheka mpaka akakohoa. "Mukubwa, huku Kentucky ile sheria iko tangu zamani! Kiingereza ndiyo lugha ya serikali. Na juzi nilienda kwa docteur, wakaniitia mkalimani kwa simu, mama moja ya sauti nzuri. Hakuna kitu."

"Kentucky ni Kentucky," Mzee Kashindi aliiambia simu. "Hapa ni Ohio."

Nilitoka jikoni na povu mikononi, nikasema kwamba muswada si sheria, haujapita, na hata ukipita hospitali bado zitatakiwa kuita mkalimani. Walinisikiliza kwa upole. "Binti," Mzee Kashindi alisema, "wewe ndiyo mkalimani. Ni kazi yako. Utasema nini ingine?" Watu wakacheka kidogo, mazungumzo yakahamia kwenye bei ya magari. Siwalaumu hata leo. Waliokaa mezani pale walikuwa wamewahi kuandikwa majina mahali pengine, na majina yale yakafika mikononi mwa watu wabaya. Kwao kuandikwa halikuwa jambo la ofisi. Nimeshaelewa tangu hapo kwamba sheria haihitaji kupita ili ianze kazi. Inatosha kutajwa mezani kwa watu wenye hofu.

Wakati huo Baba Furaha alikuwa tayari anapungua. Alimmegea Furaha nusu ya chakula chake, na mkanda wa suruali aliutoboa tundu jipya kwa msumari. Alikuwa akishika ubavu wa kulia alipodhani hatumwangalii. Zahanati moja ilimpima damu, ikampiga picha ya tumbo, ikamwambia arudi achukue majibu. Nilimsihi aombe mkalimani, au aniambie siku yenyewe nibadilishe zamu. "Sawa, binti," alisema. Siku ilipofika alimtoa Furaha shuleni, akaenda naye.

Niliporudi kutoka kazini niliwakuta jikoni, Furaha bado amevaa koti. Mama Furaha alikuwa amesimama na mwiko. "Docteur alisema nini?" nikauliza. Baba Furaha akamwonyesha binti yake kwa kidevu, naye akajibu kwa Kiingereza, akiangalia kishikio cha friji: ini limechoka, Papa apumzike, warudi baadaye. "Umesikia?" baba yake aliniambia. "Ini imechoka. Na mi mwenyewe nimechoka!" Mama Furaha alicheka kwa sauti kubwa, ile ya mtu aliyetuliwa mzigo, akatoa kuku aliyekuwa amemweka kwa ajili ya Krismasi. Tulikula vizuri siku hiyo. Furaha alikula paja moja, akasema ana kazi ya shule.

Baada ya hapo alibadilika, nasi tulifurahia mabadiliko yale. Aliacha kuruka mistari. Alimsomea baba yake kila neno la kila karatasi, taratibu, na asipoambiwa arudie alirudia mwenyewe. Alimvua viatu. Alianza kukaa naye mbele ya televisheni akimtafsiria taarifa ya hali ya hewa, ambayo hata mimi naona haimhusu mtu yeyote. "Mutoto amekuwa mukubwa," Mama Furaha alisema, na wageni wakakubali. Chumbani, kitandani mwake, alinigeuzia mgongo na kuutazama ukuta, na nikimsalimia alijibu neno moja. Nilidhani ni umri.

Mwaka mpya ulipoingia, macho ya Baba Furaha yaligeuka manjano. Mama Furaha alikuwa kazini, kwenye nyumba ya wazee alikoosha na kulisha bibi na babu wa watu wengine, akapiga simu kutoka huko kuniamuru nimpeleke bwana wake hata kwa nguvu. Furaha alikuwa shuleni. Kwenye dirisha la mapokezi la zahanati ileile niliomba mkalimani, na Baba Furaha akanivuta mkono wa koti. "Wataandika."

"Waandike jina langu," nikasema.

Walituingiza kwenye chumba kidogo chenye picha ya tumbo la mtu lililopasuliwa, rangi nzuri nzuri kama ramani. Baba Furaha alikaa kwenye kitanda cha wagonjwa, na ile karatasi inayotandikwa juu yake ikawa inalia kila alipopumua. Daktari alikuwa mwanamke kijana mwenye macho ya uchovu. Aliweka simu mezani, na sauti ya mkalimani ikatoka, mama wa Kikenya kwa lafudhi yake, akatusalimia. Kisha daktari akasema, naye akafuata kwa Kiswahili safi: "Kama nilivyomweleza binti yako ulipokuja mara iliyopita, hii ni saratani ya ini, na imeshaenea."

"Saratani ni nini?" Baba Furaha aliuliza.

Mkalimani, kama kanuni inavyotaka, hakueleza mwenyewe. Alilirudisha swali kwa daktari, na daktari akaanza kueleza jinsi chembe za mwili zinavyogawanyika. Nilimtazama Baba Furaha. Alikuwa anaitikia kwa kichwa, kwa adabu, kama anavyosikiliza matangazo.

"Kansere, Baba," nikasema.

Karatasi ya kitanda ilinyamaza. Kisha akauliza, si juu ya ugonjwa. "Anasema alimwelezea nani?"

"Furaha."

"Hii hii?"

Swali likapita kwenye simu, likarudi. Ndiyo, daktari alisema. Binti alimwomba alirudie neno lenyewe. Aliuliza kama kuna dawa, akaambiwa zipo za kupunguza mwendo, za kuponya hakuna. Aliuliza kama inauma. Mwisho alishukuru, akamgeukia baba yake, akamwambia. "Alikuwa mtulivu sana," daktari alisema. "Nilidhani amezoea." Niliuliza mimi, maana Baba Furaha hakuuliza, kama ile miezi iliyopita katikati ingebadilisha kitu. Daktari hakunificha: labda kidogo, labda hata hicho kidogo kisingepatikana, hakuna anayeweza kuniapia. Nimelibeba jibu hilo kila ninapokwenda kazini. Afadhali angesema ndiyo au hapana.

Kwenye kituo cha basi upepo ulikuwa unakata masikio. Baba Furaha alisimama akiwa ameupa mgongo upepo, akinikinga, mgonjwa anamkinga mzima.

"Goreth," alisema. "Furaha asijue kama mi najua ya ile siku. Na mama yake asijue hata kidogo. Mama atamuuliza, juu ya nini ulificha? Na ile swali haitakwisha ndani ya nyumba. Hata mi nikishakufa, itabakia."

"Utamwambia nini mama?"

"Nitasema mutoto hakusikia. Maneno ya docteur iko ya nguvu." Kwao kuisikia lugha ndiko kuielewa. Basi letu lilionekana mbali, akaliangalia. "Hakukosa, yule. Ni mi niliogopa watu ya serikali, nikatuma mutoto mahali mutu mukubwa anaogopa kuenda. Na yeye alienda. Ulisikia? Alimuuliza docteur kama inauma. Ulisikia ile?" Alirudia mara nyingine ndani ya basi, kama mtu anayesifu. "Aliuliza kama inauma."

Nilimwahidi. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili na niliiona ahadi ile kuwa jambo dogo.

Akamwambia mkewe kama alivyopanga, na nilisikia kupitia ukuta jinsi Mama Furaha alivyolia, na jinsi alivyosema mara kwa mara, "Walimwambia mutoto! Walimwambia mutoto!" Asubuhi alikuwa amevimba macho na amebadilika. Yeye ndiye aliyetafuta, si mimi. Kupitia mama mmoja Mmarekani wa kanisa lile la juu alipata habari kwamba kamati ya bunge itawasikiliza raia na wakazi juu ya ule muswada, na kwamba mtu yeyote anaweza kwenda kusema. "Nitaenda," alisema akikata vitunguu. "Wewe utanitafsiria." Mzee Kashindi alikuja kumkataza, akakaa, akanywa chai, akaondoka hajafanikiwa. Baba Furaha, ambaye wakati huo alikuwa hatoki kochini, alinitazama juu ya kikombe chake. "Acha tu," alimwambia mkewe. "Ile maneno ya mutoto usiseme." Mama Furaha akajibu kwamba hayo ndiyo hasa atakayosema, kwani ana mengine?

Jengo la bunge la Columbus lina nguzo nene za mawe, na ndani hatua za viatu zinasikika mbali. Mama Furaha alivaa kitenge chake cha harusi za watu chini ya koti la baridi. Furaha tulikwenda naye, maana mama yake alitaka aone. Chumba cha kamati kilikuwa kidogo kuliko nilivyofikiri, chenye viti vya ngozi upande wa wakubwa na viti vya chuma upande wetu. Waliotutangulia walisema kwa utulivu kwamba lugha moja inaunganisha watu, kwamba babu zao nao walifika wakajifunza, kwamba hakuna chuki ndani yake. Mmoja alikuwa mzee mwenye mikono inayotetemeka, na nilipomsikiliza sikumwona kuwa mtu mbaya. Wengine walipinga. Wajumbe waliingia na kutoka. Tulipoitwa, mwenyekiti alisema kwamba dakika za mkalimani zitahesabiwa ndani ya dakika za msemaji, hivyo Mama Furaha alikuwa na nusu ya wakati wa wengine kabla hajafungua kinywa.

Alisema jina lake, na kazi yake, na kwamba bwana wake anakufa. Nilitafsiri. Alisema kwamba waliposikia habari ya sheria hii waliogopa kuomba mkalimani. Nilitafsiri. Kisha akageuka kidogo, akaonyesha nyuma kwa mkono uliofunguliwa. "Mutoto yangu ni yule. Alienda na baba yake kwa docteur. Walimwambia kifo ya baba yake. Hakusikia ile maneno, ni mutoto. Angesikia, angetuambia."

Mkalimani hatakiwi kuongeza wala kupunguza. Nilikuwa nimefundishwa hivyo, nikafanya hivyo. Nilisema kwa Kiingereza, kwenye kipaza sauti, kwamba mtoto hakuyaelewa maneno yale, na kwamba kama angeyaelewa angewaambia wazazi wake. Nilisikia kiti cha chuma kikisogea. Furaha alikuwa amesimama. Alipita kati ya magoti ya watu akiomba radhi kila hatua, akatoka, na mlango mzito ukajifunga taratibu.

Mjumbe mmoja, mtu wa sauti ya upole, alimpa pole Mama Furaha, akamuuliza kama anajua kwamba muswada wenyewe unaziacha nje hospitali na mambo ya afya. Imeandikwa humo wazi, alisema.

Mama Furaha alisubiri nimalize. "Mwambie sikuisoma," alisema. "Bwana yangu hakuisoma. Tuliisikia tu. Mwambie, nani alikuja kwetu kusema hospitali haiko ndani? Na alikuja na lugha gani?"

Nilitafsiri. Kuna aliyeandika kitu. Mwenyekiti akashukuru, akasema muda umekwisha, akaita jina lingine.

Nilimkuta Furaha kwenye korido, ameinamia bomba la maji ya kunywa, anakunywa kama mtu aliyetoka kukimbia. Alifuta kidevu kwa mkono wa koti. "Umetafsiri kila neno sawasawa," aliniambia kwa Kiingereza. Nilitaka kusema. Neno lilikuwa limenijaa mdomoni, lakini mama yake alikuwa anakuja na vile viatu vyake vyenye kisigino, akiuliza, "Nimesema muzuri? Wamesikia?"

Baba Furaha alifariki kabla ya kiangazi, sebuleni, juu ya kitanda cha kukodi kilichowekwa mahali pa makochi, binti yake akimsomea gazeti la bure la duka la vyakula. Siku zake za mwisho alimtania sana Furaha, akamsifu mbele ya kila mgeni kwa mambo madogo, uji aliokoroga, dirisha alilofungua. Mimi peke yangu nilijua anachomsifia. Muswada nao haukufika popote. Haukushindwa kwa kura. Muda wa bunge uliisha ukiwa bado kwenye kamati, wakahamia mambo mengine. Mzee Kashindi alitangaza kanisani kwamba Mungu ametenda, watu wakapiga makofi, na Mama Furaha akatazama mbele bila kupiga. Sadiki alikuja na gari dogo la mizigo akawachukua mama na binti kwenda Louisville, kwenye jimbo lile ambalo sheria tuliyoiogopa ilikuwapo kabla sijazaliwa. Hawakukaa. Kazi za Buffalo zilikuwa nyingi, nyumba zilikuwa rahisi, na watu wa Uvira walikuwa wengi huko, kwa hiyo wakahamia, Sadiki naye akawafuata. Mimi baadaye niliolewa Louisville, na mpaka leo natafsiri hospitalini huko. Kila ninapoingia kwenye chumba cha daktari na kukuta mtoto amekaa kwenye kiti cha mkalimani, humwomba kwa upole anipishe, akacheze nje.

Baada ya maziko tulirudi Cheektowaga. Ndege zilipita chini sana kuelekea uwanjani, mazungumzo ya sebuleni yakawa yanakatika na kuendelea. Furaha aliniita kwenye ua wa nyuma. Alizungumza Kiingereza, nami nikamjibu Kiswahili, kama nyumbani kwao zamani. Alisema mama yake ameisimulia hadithi ile ya bungeni kwa kila mtu, Louisville, Buffalo, harusini, kanisani, miaka yote hii: jinsi alivyowaambia wakubwa kwamba mtoto wake hakuelewa. "Nilielewa," alisema. "Yote. Nilimwambia Papa ini limechoka kwa sababu nilijua jina la ini kwa Kiswahili, na lile lingine sikulijua. Halafu nikafikiri nitauliza shuleni, nitatafuta, nitamwambia kesho. Halafu Mama akapika kuku." Hakuwa analia. Aliyasema kama mtu anayetoa maelezo ofisini. "Papa alikufa bila kujua kwamba nilielewa, na Mama pia. Nimebaki nayo peke yangu."

Mama yake alikuwa ardhini tangu asubuhi. Hapakuwa tena na mtu wa kuuliza lile swali ndani ya nyumba.

"Baba yako alijua," nikasema.

Alinigeukia. Nikamweleza chumba kile, simu mezani, daktari, kituo cha basi. Nikamwambia alichosema baba yake, kwa Kiswahili cha baba yake, si changu: hakukosa, yule, ni mi nilituma mutoto mahali mutu mukubwa anaogopa kuenda, na yeye alienda. Nikamwambia kwamba alirudia tena ndani ya basi kwamba binti yake alimuuliza daktari kama inauma. Furaha alishika ukingo wa uzio wa mbao. Akauliza ilikuwa lini, na nilipomwambia alibaki akihesabu miezi ile ambayo baba yake alikuwa anajua naye akamsomea. Ndipo akalia, kwa sauti, kama msichana mdogo, na mama mmoja wa kwaya akachungulia mlangoni, akaona, akaurudisha mlango.

Alipomaliza alijifuta uso kwa kitenge changu. Nikamuuliza kama anataka nimweleze Baba Mdogo Sadiki, na wazee, ili hadithi ya bungeni isiendelee kusimuliwa vile.

"Hapana," alisema, na safari hii kwa Kiswahili. "Mi nitasema mwenyewe."

Akaingia ndani. Nilibaki uani kidogo, nikamsikia sebuleni akiomba wazee wamsikilize, akitafuta maneno, akikosea, akirudi nyuma, na hakuna aliyemsaidia wala kumkatiza. "Nilisikia," alisema. "Ile siku kwa docteur, nilisikia yote." Kisha sauti ya Sadiki, nzito, ya kizee sasa: "Endelea, mama. Tuko hapa."